Kabla Hujalipia Mtihani wa A+ au CCNA

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaomaliza diploma ya TEHAMA ni hili: "Kaka, nianze na cheti gani?" Jibu langu huwa linawaudhi. Nawaambia waanze na mtaala wa cheti, cheti chenyewe kisubiri.

CompTIA ya Marekani, wanaotoa A+, cheti cha kuanzia cha ufundi wa kompyuta, wanaweka bure kwenye tovuti yao orodha nzima ya mambo yanayotahiniwa. Unaishusha ikiwa PDF, mada kwa mada. Kwa mtu anayejisomea mwenyewe, orodha ile naithamini kuliko kozi nyingi za kulipia hapa mjini, maana inakuonyesha upana wa kazi yenyewe: aina za kebo na viunganishi, kubadilisha RAM na SSD, printa ya leza inayotoa karatasi zenye mistari, Windows inayogoma kuwaka, virusi, nywila, mpaka namna ya kuongea na mteja aliyekasirika. Vijana wengi huiruka mada hiyo ya mwisho. Kwenye kazi ya kuhudumia watumiaji, ndiyo utakayoitumia kila siku ya Mungu.

Mada za kiufundi zote unaweza kuzifanya kwa mikono bila kumlipa mtu. Tafuta kompyuta ya mtumba, hata ile ambayo ofisi imeitupa stoo, uifungue na kuifunga mpaka uchoke. Weka VirtualBox, programu inayokupa kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, usakinishe Windows na Linux humo, uviharibu, uvitengeneze. Kwa upande wa mitandao kuna Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao ya kampuni ya Cisco, ya bure, unajiandikisha tu kwenye mafunzo yao ya Networking Academy. Humo unaunganisha ruta na swichi ambazo dukani usingemudu bei yake.

Nasisitiza mikono kwa sababu ya ninayoyaona kwenye usaili. Siku hizi mara nyingi naitwa kukaa upande wa wasaili, na nina jaribio moja nisiloliacha. Namwekea kijana laptopu iliyochomekwa kebo ya mtandao, intaneti haipatikani, namwambia anieleze tatizo liko wapi. Wengine hufungua kivinjari na kujaribu tovuti tatu nne. Wengine wanazima na kuwasha. Wachache wanafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, wanaandika ipconfig, amri ya kuonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao, wanaona anwani inayoanza na 169.254, kisha wanatulia. Hao wananifurahisha hata kabla hawajasema neno.

Anwani hiyo kompyuta imejipa yenyewe. Imeomba anwani kwa seva ya DHCP, ile inayogawia kompyuta anwani, haikujibiwa, ikaamua kujitegemea. Kwa hiyo huna sababu ya kugusa kivinjari wala kumpigia simu mtoa huduma wa intaneti. Unaangalia kebo, unaangalia tundu la swichi, halafu unauliza kama seva ya DHCP iko hai au imeishiwa anwani za kugawa. Hili la kuishiwa ni la kawaida sana maofisini kwetu. Mtandao ulipangiwa anwani mia moja zamani, leo kila mfanyakazi ana kompyuta na simu mbili kwenye Wi-Fi ileile. Anayefika saa nne anakuta zimekwisha, anapiga kelele kuwa mtandao umekufa, na jirani yake wa meza ya pili anaangalia magoli ya jana bila shida yoyote.

Hilo lote limo kwenye mtaala wa A+. Limo pia kwenye vichwa vya watu wasio na A+, na halimo kwenye vichwa vya baadhi ya walionacho. Wenye cheti mkononi lakini kichwani hamna kitu, mara nyingi ni waliodesa, yaani waliokariri maswali na majibu. Kuna madesa ya maswali ya mitihani hii yanauzwa mtandaoni na kuzungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukikamatwa unafutiwa matokeo na kufungiwa, lakini hata usipokamatwa, msaili akikuuliza swali la pili unabaki unaangalia dari.

Sasa, cheti chenyewe kinafaa lini? Kwa soko letu, fungua matangazo ya kazi uyasome vizuri. Ninayoyaona mimi, Dar na Nairobi, yanaitaja CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, mara nyingi zaidi kuliko A+. Mabenki, kampuni za simu na watoa huduma za intaneti wanataka mtu anayejua ruta na swichi. Ukiwa na fedha ya mtihani mmoja tu, ushauri wangu ni huu: soma mtaala wa A+ bila kuufanyia mtihani, kisha fedha yako ipeleke CCNA. Nitafurahi mtu akinibishia kwa hoja.

Hesabu zenyewe ndizo zinazonifanya niseme hivyo. A+ ina mitihani miwili, kila mmoja unalipiwa peke yake, hauzidi maswali 90 ndani ya dakika 90. Alama za kufaulu ni 675 kwa wa kwanza na 700 kwa wa pili, kwa kipimo kinachoishia 900. CCNA ni mtihani mmoja, 200-301, dakika 120, dola 300 kabla ya kodi. Ni mgumu zaidi, na ukishajibu swali huwezi kurudi nyuma kulirekebisha. Ukifeli, unalipa upya. Kwa mshahara wa kijana anayeanza kazi, dola 300 si mchezo, na ndiyo maana sipendi kumwona mtu anajiandikisha kabla hajaweza kugawa mtandao wa /26, yaani wa anwani 64, kichwani bila kikokotoo.

Vyote viwili vinadumu miaka mitatu. Ukifaulu Network+ au Security+, vyeti vya CompTIA vya mitandao na usalama, baada ya A+, ile A+ inahuishwa nayo. Vyeti vya msingi vya Microsoft kama AZ-900, kile cha huduma za wingu (cloud), havina ukomo, lakini mwajiri anajua ni vya utangulizi.

Kuna homa ya usalama wa mtandao pia. Mwaka 2022 ISC2, shirika linalotoa vyeti vya usalama wa mtandao, walitangaza nafasi milioni moja za mafunzo na mtihani wa bure kwa cheti chao cha kuanzia, Certified in Cybersecurity, na vijana wengi wakaingia. Mtihani bure, sawa, lakini ukishafaulu kuna ada ya dola 50 kila mwaka ili uendelee kuhesabika. Na sijui utalindaje mtandao ambao hujui unavyofanya kazi.

Wanaotaka ajira serikalini wasijidanganye. Nafasi za ofisa TEHAMA zinatangazwa kwa kigezo cha shahada, na CCNA haizibi pengo hilo. Inakusaidia baada ya kuitwa.

Ukishaamua kufanya mtihani, shughulika na jina lako mapema. Mitihani ya CompTIA na Cisco inasimamiwa na Pearson VUE, na jina la kwenye akaunti lazima lifanane na la kwenye kitambulisho. Sisi wenye majina matatu, la babu likiwa huku lipo na kule halipo, tunapata tabu mlangoni. Pasipoti ndiyo rahisi, andika kama ilivyo.

Nenda kituo cha mtihani. Kuufanya nyumbani kunaruhusiwa, ila wanakutazama kwa kamera muda wote, na mtu akiingia chumbani wanaweza kuusitisha papo hapo bila kukurudishia hela. Kwa anayeishi nyumba ya kupanga, umeme wa mashaka na jirani anayegonga kuomba kiberiti, nauli ya kwenda kituoni ni ndogo mno kuliko dola 300.