Maswali ya Wasomaji: Je, Kumtafiti Mtumiaji wa Kompyuta ni Sayansi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta, nipo Iringa. Ninapenda kutafiti namna watu wanavyotumia kompyuta na simu, lakini wenzangu, na hata mhadhiri wangu mmoja, wananiambia kwamba hiyo ni kazi ya kupamba skrini, na kwamba anayetaka kuitwa mtafiti ashike algoriti, yaani kanuni za hatua kwa hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, au mitandao. Je, mtu anaweza kujenga maisha yake ya kitaaluma katika fani hii? Na mtafiti wa namna hiyo hutafiti nini hasa?

JIBU: Ndugu yangu wa Iringa, anaweza, na wapo waliofanya hivyo kwa miongo kadhaa. Nitakueleza kazi za mmoja wao, Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, kwa sababu naamini unayatumia matunda yake kila siku, na kwa sababu kazi hizo zinajibu hoja ya mhadhiri wako kuliko maneno yangu.

Shneiderman alizaliwa New York mwaka 1947, na mwaka 1973 alitunukiwa shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta huko Stony Brook, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York. Enzi hizo programu ilisifiwa kwa kasi yake na kwa uchache wa kumbukumbu inayoitumia. Mtumiaji akikosea, kosa lilikuwa lake. Yeye akaanza kuwafanyia majaribio waandishi wa programu wenyewe, kama wanasaikolojia wafanyavyo, akichunguza wanaelewa nini wanaposoma msimbo, yaani maandishi ya programu, wanakumbuka nini na wanateleza wapi. Mwaka 1980 alitoa kitabu juu ya saikolojia ya programu. Miaka miwili baadaye, Machi 1982, watafiti wenye shauku hiyo walikutana Gaithersburg, Maryland, wakajitokeza zaidi ya watu 900, na kutokana na mkutano huo ikazaliwa mikutano ya kila mwaka ya fani hii. Mwaka 1983 alianzisha maabara chuoni kwake Maryland, akawaweka pamoja watu wa kompyuta, wa saikolojia na wa ukutubi.

Sasa chukua simu yako janja. Gusa kitufe cha kutuma ujumbe, lakini usiinue kidole. Kiteleze kando, kisha ndipo ukiinue. Ujumbe hautaondoka. Simu haikukusikiliza pale kidole kilipogusa kioo, bali ilisubiri kuona kidole kitaondokea wapi. Miaka ya 1980 jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo: vioo vya kugusa vilihesabu mguso wa kwanza, kwa hiyo vitufe vilitengenezwa vikubwa mno, na wengi waliamini kwamba kidole cha mtu ni kinene kupita kiasi kwa kazi yoyote inayohitaji usahihi. Mwaka 1988 Richard Potter, Linda Weldon na Shneiderman walichapisha matokeo ya jaribio lililolinganisha mbinu tatu. Washiriki walitakiwa kuchagua, kwenye skrini, vifupisho vya herufi mbili vya majina ya majimbo ya Marekani vilivyopangwa karibu karibu. Katika mbinu mojawapo, kishale kilionekana juu kidogo ya kidole ili kidole kisizibe kile kinachotafutwa, mtu akawa na nafasi ya kurekebisha alipokosea, na chaguo likathibitishwa pale tu alipoinua kidole. Mbinu hiyo ndiyo iliyokuwa na makosa machache kuliko nyingine zote. Angalia vizuri kilichobadilika hapo: kidole ni kilekile, ila swali limehama kutoka kwenye unene wa kidole na kufika kwenye wakati ambao mashine inapaswa kuamua. Huko siko kupamba skrini. Ni kuuliza swali sahihi, kulipima kwa watu, na kukubali kile ambacho vipimo vinasema.

Viungo vya rangi ya buluu unavyovibofya kwenye intaneti navyo vina historia ya namna hiyo. Kabla tovuti hazijakuwapo, maabara ya Shneiderman ilikuwa imeunda programu iitwayo HyperTIES, ambayo ilimwezesha msomaji kugusa neno ndani ya maandishi na kupelekwa kwenye makala nyingine. Walijaribu rangi mbalimbali za kuyaonyesha maneno hayo. Nyekundu ilionekana upesi, lakini ilipunguza uwezo wa msomaji wa kuelewa na kukumbuka alichokisoma. Buluu ilionekana bila kumvuruga. Kwangu mimi huu ni mfano mzuri kabisa wa fani hii, kwa sababu jicho la mbunifu peke yake lingeweza kuichagua nyekundu na kuridhika.

Wakati mwingine swali hutoka kwenye kero ya ofisini. Mwaka 1990 diski kuu ya maabara, yenye megabaiti 80 na inayotumiwa na watu 14, ilijaa mara kwa mara, na haikuwa rahisi kujua ni faili zipi zinazokula nafasi. Shneiderman akabuni mchoro unaoigawa skrini nzima katika mistatili, ukubwa wa kila mmoja ukilingana na ukubwa wa faili. Leo michoro ya aina hiyo hutumika hata kuonyesha masoko ya hisa.

Mhadhiri wako ana hoja moja ambayo ni lazima uiheshimu: anayeingia katika fani hii ili kukimbia hisabati atakwama. Utahitaji takwimu nyingi, tena za uhakika, na utahitaji kuandika programu zinazofanya kazi ili watu wazijaribu. Lakini kudhani kwamba jambo linalomhusu binadamu haliwezi kupimwa ni kosa, na limewagharimu watumiaji wengi.

Wala usidhani kwamba maswali yapo Maryland tu. Jonathan Donner alitafiti nchini Rwanda jambo ambalo sote tunalijua, yaani kubipu, na mwaka 2007 akachapisha makala juu ya kanuni zake ambazo hazikuandikwa popote: kwamba mwenye uwezo ndiye anayepiga, kwamba anayemposa binti hapaswi kumbipu. Wahandisi wa simu hawakuyabuni hayo. Watu walijitengenezea lugha ya bure juu ya mtambo uliotengenezwa kwa shabaha nyingine. Novemba 2016 mkutano wa kwanza wa Afrika nzima wa fani hii, AfriCHI, ulifanyika Nairobi, kwa hiyo wapo watafiti wa karibu unaoweza kusoma kazi zao na kuwaandikia.

Kama ningekuwa wewe, ningeanza na menyu za namba za kutuma pesa. Mzee anasoma orodha ya machaguo polepole, pengine huku anatafuta miwani, na muda wa menyu unakwisha kabla hajafika mwisho. Inambidi aanze upya, safari hii kwa haraka, na haraka ndiyo inayozaa namba isiyo sahihi. Je, kubadili mpangilio wa orodha kungepunguza makosa? Je, maandishi mafupi zaidi yangesaidia, au yangemchanganya? Hilo unaweza kulijaribu kwa vikundi viwili vya watu, saa ya kupimia muda na menyu ya mfano uliyoitengeneza mwenyewe, bila kugusa fedha ya mtu yeyote.

SWALI: Mhariri, mimi ni msomaji wa Mombasa. Sasa kwa kuwa akili bandia inaweza kutufanyia mambo tukiiagiza kwa maneno tu, je, fani hii ya vitufe na menyu haijapitwa na wakati?

JIBU: Ndugu msomaji, mjadala huo ni wa zamani. Mwaka 1997 Shneiderman alijadiliana hadharani na mtafiti mwenzake, Pattie Maes, aliyetetea programu zinazomfanyia mtu kazi kwa niaba yake. Shneiderman alishikilia kwamba mtu anapaswa kuona kinachotendeka na kuweza kukitawala. Mwaka 2022, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alitoa kitabu kizima kinachodai kwamba mitambo inayojiendesha inaweza kubaki chini ya mamlaka ya binadamu ikiundwa kwa nia hiyo. Mimi nasimama upande wake. Mashine inapokuagizia dawa au kukulipia ada, bado unahitaji kuona imeelewa nini kabla haijatenda, kuizuia ikikosea, na kurudisha nyuma ilichokwisha kufanya. Na namna ya kuyaweka hayo mbele ya mtu ili ayaone na kuyaelewa kwa wakati bado inahitaji majaribio, pengine mengi kuliko yale ya vioo vya kugusa.