Kwa vijana wa Mtwara na Lindi mnaokwenda kuongoza wageni Kilimanjaro

Simu ninazopigiwa na vijana wa huku kwetu wanaotaka kwenda Moshi kuongoza wageni mlimani huuliza mambo mawili: leseni na baridi. Yote mawili nitayagusa, ila mwishoni, kwa sababu nimewaona wenye leseni na makoti mazuri wakirudi Masasi hata mwaka haujaisha. Kilichowashinda ni wageni.

Nazungumzia vikundi vidogo: wageni wawili, wanne, wakizidi sana sita. Kundi kubwa lina kelele zake, mmoja akinuna wenzake wanamfunika. Wageni wanne hawafunikani. Ukimpendelea mmoja, wanaona. Ukiwadanganya kuhusu mwendo uliobaki, jioni mezani watakukumbusha. Lakini nawe unawaona, na mshahara wako unatoka humo: kumwona mtu anaharibika kabla mwenyewe hajajua.

Utaanza kwa kubeba, hilo lizoee mapema. Wabebaji mlimani huitwa wagumu, na jina hilo wanalistahili. Mzigo wa mgumu mwisho ni kilo 20, unapimwa kwa mzani getini. Simama pale pale mzigo wako unapopimwa. Kilo tatu zikiongezwa kimyakimya mbele ya safari utazisikia magotini siku ya pili, na aliyenyamaza getini hasikilizwi kambini. Wageni wanne tu wanaweza kuwa na wagumu, mpishi na waongozaji zaidi ya kumi, na hao ndio chuo chako cha kwanza. Mgumu mkongwe humjua mgeni atakayesumbua wakiwa bado msituni, kwa kumtazama anavyokula na anavyofunga viatu. Kaa karibu naye, mbebee hata jerikeni, umuulize.

Wala msiende mkijiona wageni wa mlima eti kwa kuwa mmekulia kwenye minazi. Wazungu wale wa kwanza, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walipofika kilele cha Kibo mwaka 1889, aliyebaki nao kambi ya juu baada ya wenzake kushuka alikuwa Muini Amani, mtu wa Pangani. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndiye anayetajwa sana kuwa mwongozaji wao, na heshima yake ni yake, lakini mtu wa pwani alikuwepo.

Mwendo mnaweza kujifunza hapahapa kabla ya kukata tiketi ya basi. Nenda Newala, teremka Shimo la Mungu asubuhi, kisha panda bila kusimama. Mara ya kwanza utasimama, maana utaanza kwa kasi ya ujana. Bibi zetu wa Kimakonde walifuata maji mabondeni na kurudi juu ya uwanda na mtungi kichwani. Walianza taratibu na kumaliza taratibu vilevile. Mwongozaji anatembea hivyo. Kipimo ni mazungumzo: mgeni akiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, mwendo unafaa, akianza kujibu neno mojamoja, punguza bila kumwambia. Aliye dhaifu mweke nyuma yako mara moja, msaidizi wako akae mkiani.

Ugomvi wa kundi dogo unaanzia hapohapo. Mume ana mapafu ya farasi, mke anapanda kwa shida, au kinyume chake, na mwenye nguvu anaanza kupiga miluzi ya kuchoka kungoja. Usimruhusu atangulie. Akishafika kambini saa mbili kabla ya wenzake ameshavunja kundi, na pengine amejiumiza kwa kupanda haraka. Mpe kazi. Mwambie atafute mahali msitu unapokatika na vichaka vya maua vinapoanza, kisha pale utakapoonekana mti wa kwanza wa jamii ya seneshio, wenye shina nene lililovaa majani makavu mpaka chini. Mtu mwenye kitu cha kutafuta hutembea taratibu bila kujijua.

Sasa hewa. Juu ya Kibo, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa ufukweni Mikindani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni karibu nusu. Mwili unazoea ukipewa siku. Ndiyo maana njia ya Machame inawapandisha hadi mwamba wa Lava Tower, karibu mita 4,600, halafu inawashusha kulala kambi ya Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Mgeni ataona ni upuuzi kupanda nusu ya siku kisha kushuka. Mweleze asubuhi akiwa ameshiba, jioni hatakuelewa.

Kazi yenyewe iko kwenye hema la chakula. Mgeni akiingia, kabla hujamwekea kidoleni kipima oksijeni ya damu mpe kikombe cha chai akishike kwa viganja viwili, kwa sababu kidole kilichoganda kinadanganya, na rangi nzito ya kucha nayo inadanganya. Namba ikitulia, iandike daftarini na usiitangaze. Wageni wanne wakishaanza kushindana kwa namba, wa mwisho ataugua kwa hofu. Halafu, ukiwa bado umeinamia daftari, tazama sahani yake. Kachokoachokoa wali akauacha? Jana alikuwa mtani wa kundi, leo kanyamaza? Anahangaika na zipu ya jaketi ambayo asubuhi aliifunga huku akiongea? Yaunganishe hayo na namba, maana namba peke yake haikutoshi.

Maneno yake yakianza kugongana, mtoe nje umwambie atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha pili. Akiyumba, usingoje asubuhi. Anashushwa usiku huohuo, na mtu wa kumshika mkono. Vivyo hivyo kwa anayehema akiwa amekaa, au anayekohoa kifua kikisikika kina maji. Ubongo uliovimba na mapafu yaliyojaa maji havitulii kwa kulala. Dawa yake kubwa ni kushuka, na mtungi wa oksijeni ni wa kumsaidia njiani. Kichwa kuuma kidogo bila dalili nyingine ni jambo la kawaida huko: maji, chakula, mapumziko, na asipande zaidi mpaka kitulie. Vidonge vya Diamox, vile vya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, aandikiwe na daktari wake huko kwao. Wewe usigawe vidonge.

Usiku wa kilele una hesabu ambayo wengi hawaipigi mapema. Wageni wanne, waongozaji wawili. Saa nane usiku mmoja anashindwa, msaidizi anashuka naye. Umebaki na watatu peke yako, gizani, juu ya changarawe. Akishindwa wa pili utafanya nini? Humwachi peke yake, na hao wawili huwaachi peke yao, kwa hiyo mnashuka wote, na mtu aliyeweka akiba miaka kwa ajili ya safari hii anakutazama kama umemwibia. Ndiyo sababu mwenye kampuni ukimwomba msaidizi wa ziada usione haya. Hata akiwepo, maneno haya yasemwe jioni, wote wakiwa wamekaa na akili zikiwa zinafanya kazi: nani atashuka na nani, saa ngapi tunageuka hata kama kilele kinaonekana, na kwamba neno la mwongozaji halijadiliwi usiku. Waambie waitikie mmoja mmoja. Mgeni aliyeitikia saa kumi na mbili jioni habishani sana saa kumi alfajiri.

Kuondoka karibu na saa sita usiku kuna sababu yake. Baridi huigandisha changarawe ya volkano, mguu unapata pa kushika; jua likishapanda inalegea, unapiga hatua mbili unarudi moja. Chupa za maji zigeuzwe mdomo chini, kwani maji huganda kuanzia juu, na mipira ya kunyonyea maji huwa ya kwanza kuziba. Betri za taa zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na kambi ya Barafu, pamoja na jina lake, haina maji: wagumu wanayabeba kutoka bonde la Karanga. Mgeni akitaka kunawa miguu kwa beseni zima pale, mweleze maji yale yamepandaje. Wengi wakishajua wanaona aibu.

Kuhusu elimu ya kuwapa njiani, usikariri kurasa. Mpe mtu kile anachokikanyaga. Kilimanjaro ni volkano tatu zilizokaa pamoja: Shira ya kale iliyobomoka ikabaki uwanda, Mawenzi iliyoliwa na mvua na upepo mpaka ikawa meno, na Kibo ambayo ni changa kuliko zote. Kwenye uwanda wa Shira vipo vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, lava iliyopoa ghafla. Waonyeshe, kisha warudishe pale pale, hii ni hifadhi. Watakuuliza kama italipuka. Kibo imelala, haijafa: ndani ya shimo la Reusch, juu kabisa, bado kunatoka mvuke wenye harufu ya kiberiti.

Barafu ndiyo watakayoiulizia kuliko kitu kingine, na hapo ndipo vijana wengi huongea ovyo. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na wasomi wa Ulaya wakamkatalia. Leo mgeni anakuja kuiwahi kabla haijaisha. Ukilinganisha na ramani ya mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu imepotea, na barafu ya Furtwängler, ile mnayopita karibu nayo mkitokea kwenye shimo la Kibo, imebaki vipande. Usimwambie inayeyuka tu kama mshumaa. Kule juu hewa ni kavu na jua kali, kwa hiyo barafu nyingi inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, na theluji mpya ya kuirudishia haitoshi. Wala usimwambie kwamba ikiisha Moshi itakauka, ingawa hata wazee wanaamini hivyo. Mito ile inalishwa zaidi na mvua inayonaswa na ukanda wa msitu. Anayetaka kuililia Kilimanjaro aulilie msitu kwanza.

Barafu inapopungua inaachia pia mawe iliyokuwa imeyashika. Januari 2006, kwenye njia ya Western Breach, mawe yaliporomoka yakawaua wapandaji watatu Wamarekani. Mgeni akitaka picha ameegemea ukuta wa barafu, mpige akiwa mbali nao. Picha inatoka vizuri zaidi, kusema kweli, ukubwa wa ukuta unaonekana.

Siku moja utapelekwa Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu kwa Wamaasai, mita 2,962. Ni mfupi, na usidharau ufupi huo. Unapandwa usiku kukwepa jua, mteremko wake ni mkali na majivu yanateleza, kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Lava yake haina mfano mahali pengine duniani: nyuzi kati ya 500 na 600 hivi, nusu tu ya joto la lava za kawaida, inatoka nyeusi na ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Mwaka 2007 ulilipuka na kumwaga majivu. Huko chukua wageni wachache zaidi kuliko Kilimanjaro, na mzawa wa kijiji cha Engare Sero, chini ya mlima, atangulie, hata ukiwa na leseni yako mfukoni.

Leseni basi. Cheti cha chuo kinachotambulika, mafunzo ya huduma ya kwanza, na rekodi ya safari ulizopanda ukiwa mgumu kisha msaidizi, ndivyo vitakavyokufungulia mlango. Vyuo vipo, Mweka pale juu ya Moshi na VETA ya utalii ya Njiro, Arusha, miongoni mwa vingine. Anayekuambia umpe hela getini ili akuandike kwenye mzigo, mkimbie. Kampuni ya kufanyia kazi ichague kwa jinsi inavyogawa tipu: ikigawiwa hadharani, kila mtu akijua mgeni katoa kiasi gani, kaa hapo hata kama mshahara ni mdogo kidogo.

Baridi inatatulika. Usinunue kitu Mtwara, utauziwa koti la mapambo. Nunua mitumba soko la Memorial, Moshi: suruali isiyopitisha upepo, soksi nzito za sufu, glavu mbili za kuvaliana, na viatu ulivyovivaa wiki kadhaa kabla ya kupanda. Jinzi acha nyumbani, ikilowa haikauki.

Wageni wengi hupanda kuanzia Januari mpaka Machi mwanzoni, na tena Juni hadi Oktoba. Aprili na Mei ni masika, Novemba ni vuli, kazi inapungua. Kwetu sisi ratiba hiyo imekaa vizuri, maana Novemba korosho zinaokotwa na minada inaendelea, unaweza kurudi ukawasaidia wazee shambani. Ila wageni wa sikukuu za Desemba wanaanza kufika mapema, na kampuni hazimngojei mtu. Usikae kusubiri malipo ya mwisho ya chama cha msingi. Stakabadhi za ghala mwachie mdogo wako unayemwamini, wewe uwe Moshi kabla ya katikati ya Desemba.