Mbona mstari wa SP, ile logi ya umeme wa asili kisimani, umenyooka tu?
Ami, SP haitumi umeme wowote chini, inapima milivolti zinazojizalisha zenyewe, elektrodi moja ndani ya kisima nyingine juu ardhini, na kinachozizalisha zaidi ni tofauti ya chumvi kati ya matope ya kuchimbia na maji yaliyo mwambani, sasa wewe unasema wamechimba na maji ya bahari na maji ya huko chini chumvi yake karibu ile ile, mstari utapindaje? Mstari kunyooka haimaanishi hakuna mchanga, huo tunaoutafuta kwa SP. Hapa Shela, Lamu, chini ya matuta maji ni matamu, chimba na maji ya bahari uone mstari unavyokimbilia kulia. Mafuta lakini usiyatafute kwa SP peke yake, lete na ile logi ya rezistiviti, inayopima mwamba unavyozuia umeme