Muulize Afande wa Stoo: Jeshini nimetoka, unga wa mke wangu unanuka

SWALI: Shikamoo Afande. Nina miaka 35, nimetoka jeshini mwaka jana baada ya miaka 10 kwenye stoo ya rasheni. Hapa Moshi kila ninapoomba kazi naambiwa nikalinde geti. Kidato cha sita nilisoma CBG (kemia, biolojia na jiografia) nikafaulu. Nasikia nawe ulikuwa mtunza stoo, leo unapima vyakula na vifungashio huko Arusha. Ulipitaje? Halafu mke wangu anauza unga wa lishe soko la Mbuyuni: mahindi, mtama, soya na karanga. Wateja wanaurudisha, wanasema unanuka. Abadilishe mfuko?
Mstaafu kijana, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na unga, maana huo ndio unaowala hela sasa hivi.

Harufu hiyo yaelekea ni mafuta ya karanga na soya yaliyochacha. Nailoni nyepesi hupitisha hewa hata ukiifunga kwa mshumaa, na hewa ndiyo inayochachisha. Hapo mfuko mzito utamsaidia. Lakini kinachonitia wasiwasi mimi ni kile ambacho wateja hawakisikii puani. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haina harufu wala ladha, na kupika uji hakuiondoi. Mahindi na karanga ndivyo vyakula inavyovipenda. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo, na walikuwa wanakula ugali wa nyumbani kwao. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 za sumu katika sehemu bilioni moja za mahindi, kiasi ambacho hakuna mama mwenye jicho kali kiasi gani atakiona. Ukitia unga wenye sumu kwenye mfuko mzuri, umeifungia sumu mahali pazuri, basi.

Hili nililijua kwa kosa langu mwenyewe. Nikiwa koplo, kwenye kambi nisiyoitaja, lori la mahindi lilifika jioni mvua ikinyesha. Nilichoma bambo, ile bomba kali ya kuchotea sampuli, gunia la tatu au la nne, punje zikatoka na uvuguvugu kama mkate wa asubuhi. Mkono ulinambia kataa. Nilikuwa nimechoka, vijana wamelowa, nikasaini. Tukayapanga sakafuni, yameegemea ukuta, kwa sababu chaga zilikuwa hazitoshi. Wiki ya tatu nikavuta gunia la chini, likabaki nusu ukutani. Ndani kijani kitupu. Niliadhibiwa, na nilistahili, ila swali lililonikaa kichwani lilikuwa jingine: kwa nini magunia ya katani yaliyokuwa upande wa pili hayakuoza sana kama ya salfeti?

Nilitoka jeshini 2007 nikiwa na miaka 36, nikaenda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro kusoma sayansi ya chakula na watoto walioniita baba. Kemia ilinitoa jasho kuliko kwata. Baadaye nikaingia chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru kwa shahada ya pili, na huko nikakuta watu wa chakula na watu wanaochunguza plastiki, karatasi na udongo wako uwanja mmoja. Nikajibanza katikati yao. Kazi yangu tangu hapo ni kujua mfuko gani unapitisha mvuke kiasi gani, kwa siku ngapi.

Usidhani ni mambo makubwa. Tia chumvi ya mezani kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, ilowanishe iwe tope. Hewa ya ndani itatulia kwenye unyevu wa kama asilimia 75. Pindua bakuli juu ya tope, weka pakiti ya unga mkavu iliyofungwa, funika. Ipime kila asubuhi saa ileile kwa mzani mdogo unaosoma sehemu ya gramu. Pakiti inayonenepa upesi, mfuko wake ni chujio. Maabara tuna mashine za kazi hiyo, lakini mimi bado naipenda ndoo.

Sasa hao wanaokupeleka getini. Waambie utaratibu wa usalama wa chakula unaotumika viwandani duniani kote, HACCP, ulizaliwa miaka ya 1960 pale kampuni ya Pillsbury, NASA na maabara ya jeshi la Marekani ya Natick walipokuwa wanawatengenezea chakula wanaanga. Waliona kwamba ukitaka uhakika kwa kupima chakula kilichokwisha kutengenezwa, utakimaliza chote kwa kukipima. Wakaamua kulinda kila hatua na kuiandika. Wewe umefanya hivyo miaka 10: kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, gunia lisiguse ukuta, kila kitu kwenye leja. Na CBG yako peleka SUA dirisha la maombi likifunguka. Umri usikusumbue, mimi ndiye niliyekuwa nalala saa tatu usiku hosteli nzima ikipiga muziki.

Mkeo aende SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Moshi kwa mafunzo ya wasindikaji, kisha TBS, shirika la viwango, kwa alama ya ubora; mambo ya chakula yako kwao tangu 2019. Ila kabla ya hayo yote, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje za mahindi hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayo yana maji, msisage. Yarudini juani, juu ya turubai, si juu ya udongo.

Leja ya kambi umeiacha kambini, inavyotakiwa. Mfungulie mama leja mpya, daftari la kawaida, safu tano: tarehe, mahindi yametoka kwa nani, chumvi imesemaje, siku ya kusaga, siku mteja alipolalamika.