Nanunua Zanzibar ikiwa bado imelala

Mhariri, assalamu alaykum. Wiki hii mmeuliza: mtu akisafiri nje kikazi, siku yake inakwendaje? Mimi nauza mapazia Darajani na mzigo naufuata mwenyewe Guangzhou, China. Siku yangu ya kule inapangwa na saa za hapa nyumbani.

Guangzhou wako mbele yetu kwa saa tano. Soko la vitambaa la Zhongda likishachangamka saa nne asubuhi, hapa ni saa kumi na moja alfajiri. Mume wangu anajiandaa kwenda msikitini, wateja wamelala. Huo ndio wakati wangu wa kununua. Simu iko kimya, macho yako kwenye kitambaa tu. Nalowesha pembe kwa maji, nasugua na leso nyeupe nione kama rangi inatoka. Nachomoa uzi nauchoma: ukiyeyuka na kuganda kidonge kigumu, hiyo ni polista, hata muuzaji aape kuwa ni pamba. Kisha nakata kipande, nakibana kwenye daftari pamoja na namba ya duka na bei, kwa sababu jora litakalotoka ghalani lazima nililinganishe nacho juani, si kwenye taa za dukani. Majora yasiyotiwa rangi pamoja hayafanani, na pazia likishashonwa nusu hili nusu lile, bibi harusi hatalipokea.

Ikifika saa nane mchana, Darajani inafungua na simu haitulii tena. Huyu anataka picha ya rangi ya dhahabu, yule kabadilisha vipimo vya madirisha. Watsapu haifunguki kwa mtandao wa kule, kwa hiyo wateja wakubwa wote nimewawekea WeChat. Ijumaa tu ndiyo napata kupumua, kwenye saa kumi na moja na nusu jioni, maana hapa maduka yamefungwa na watu wako kwenye swala.

Jamani wateja wangu wa Unguja, nawaomba mnielewe: saa nne usiku hapa ni saa tisa usiku kule. Nalala simu nimeizima, wala si jeuri. Ukiniamsha saa hizo, ile asubuhi ya kukuchagulia kitambaa naingia nayo sokoni nikiwa na usingizi.

Nafikia mtaa wa Xiaobei, ingawa soko liko mbali, kwa ajili ya chakula. Migahawa ya Waislamu wa Kichina imejaa, tambi wanazivuta kwa mikono mbele yako, nyama halali, supu ya moto. Pilipili ya kusaga natoka nayo nyumbani. Na kutoka hapo msikiti wa Xianxian unafikika, ambako kwa masimulizi ya wenyeji amezikwa Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Kwenda pale kunanituliza roho kuliko kitu chochote katika safari. Dada yangu unayekwenda mara ya kwanza, fikia huko huko. Metro ya kwenda Zhongda ipo.

Muuza mapazia, Darajani, Unguja