Programu ya dawa za kulevya kwa watoto wanaokinzana na sheria: kwa nini wanatulia ndani, wanaharibikiwa nje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nahudumia watoto wanaokinzana na sheria, wengi wa miaka 14 hadi 17. Tuna programu ya pombe na dawa za kulevya. Kila Jumamosi tunawakusanya wote ukumbini, kaka mmoja aliyeacha unga, yaani heroini, anatoa ushuhuda, tunawaonyesha picha za madhara, na kila mwezi tunawapima mkojo. Wakiwa ndani ya kituo wanatulia. Wakitoka, haupiti muda nawakuta tena mahakamani. Tunakosea wapi? Na huyu kaka wa ushuhuda nimwondoe?

JIBU: Marahaba. Kutulia kwao wakiwa ndani kusikupe moyo sana. Geti limefungwa na muuzaji hayupo. Programu inapimwa kwa miezi ya kwanza mtaani, na katika ratiba uliyonieleza hakuna hata kitu kimoja kinachovuka geti. Nitafika huko, lakini tuanze na hiyo Jumamosi.

Ukumbini kwako kuna watoto wasiofanana kabisa. Yupo aliyekamatwa na msokoto wa bangi aliopewa na wenzake, hajavuta hata mara tano. Yupo anayekunywa gongo tangu darasa la tano kwa sababu inapikwa nyumbani. Na yupo anayevuta unga kila siku, anaiba ili arosto, yale maumivu ya kukosa unga, isimkute. Ukimketisha yule wa kwanza na hawa wawili kila wiki, atajua nani anauza, wapi na kwa bei gani. Mwaka 1999 watafiti Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walionyesha kwamba kuwakusanya vijana wenye tabia hatarishi kwa lengo la kuwasaidia kunaweza kuwaongezea uhalifu. Sehemu ya ushahidi wao ilitoka kwenye mradi wa kuwakinga wavulana na uhalifu wa Cambridge-Somerville, Massachusetts, Marekani, ulioanza 1939. Wavulana wa mradi ule waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja waliishia pabaya kuliko wenzao wa hali ileile ambao hawakusaidiwa chochote. Waliowapeleka walikuwa watu wenye nia njema kama wewe.

Kwa hiyo wachambue kabla ya kuwakusanya. Dodoso la CRAFFT, lililotengenezwa Boston kwa ajili ya vijana, lina maswali makuu sita tu. Umewahi kupanda chombo kinachoendeshwa na mtu aliyelewa, au ukaendesha mwenyewe umelewa? Unatumia ili utulie, ujisikie vizuri au ukubalike? Unatumia ukiwa peke yako? Unasahau uliyoyafanya ukiwa umetumia? Ndugu au marafiki wanakuambia upunguze? Umewahi kuingia matatani ukiwa umetumia? Akijibu "ndiyo" mara mbili au zaidi, afanyiwe tathmini ya kina. Swali la kwanza liulize kwa mfano wa bodaboda, watakuelewa mara moja. La mwisho liwe makini: kila mtoto wako ameshaingia matatani, unachotaka kujua ni kama siku hiyo alikuwa ametumia.

Kuna jambo moja likikosekana, dodoso lote halina maana. Mtoto akihisi kwamba majibu yake yataingia kwenye ripoti unayoipeleka Mahakama ya Watoto, atakudanganya, na mimi simlaumu. Kubaliana na wakuu wako kwa maandishi kwamba majibu hayo ni ya matibabu. Kisha mweleze mtoto mipaka yake waziwazi: akikuambia anataka kujidhuru, au kuna mtu anamdhuru, hilo hutaweza kulinyamazia.

Ukishawachambua, mtoto wa ule msokoto mmoja anahitaji mazungumzo mafupi na mshauri, kisha arudi shule. Usimjazie vikao. Nguvu zako zipeleke kwa wale walio kwenye hatari kubwa, kwa kuwa ndiko huduma ya kina inakoleta tofauti. Mtafiti Mark Lipsey alipochambua mamia ya tafiti za programu za vijana wahalifu mwaka 2009 alikuta hivyo, na akakuta pia kwamba programu zinazotegemea nidhamu ya kijeshi na vitisho hazipunguzi uhalifu, wakati zile za ushauri na stadi zinaupunguza.

Hapo ndipo picha zako zinapoangukia. Marekani walijaribu kutisha kwa nguvu zote katika gereza la Rahway, New Jersey, miaka ya 1970: vijana waliingizwa ndani, wafungwa wa maisha wakawafokea. Majaribio ya programu za aina hiyo yalipojumlishwa, vijana waliotishwa walifanya uhalifu zaidi ya walioachwa bila programu yoyote. Ziondoe hizo picha. Badala yake jifunzeni mahojiano ya motisha, njia aliyoianzisha William Miller na kuiendeleza na Stephen Rollnick. Usianze na "unajua bangi itakuharibu akili?" Uliza, "Bangi inakusaidia nini?" Msikilize mpaka amalize. Ndipo uulize, "Na inakugharimu nini?" Akitaja mwenyewe kwamba mdogo wake anamwogopa, au kwamba fundi alimfukuza gereji, mnalo la kufanyia kazi.

Mkojo upimwe, lakini usiwe msingi wa adhabu. Bangi kwa mtu aliyekuwa akivuta sana huonekana kwa wiki kadhaa; heroini hutoka ndani ya siku chache; pombe ni suala la saa. Kwa hiyo aliyeacha bangi wiki mbili zilizopita anaadhibiwa, na aliyevuta unga Jumatatu anapita Ijumaa. Vijana hujua hesabu hiyo mapema kuliko sisi, na usipoangalia utamfundisha wa bangi kuhamia kwenye unga.

Mtoto mgeni aliyekuwa akinywa kila siku akianza kutetemeka na kutoka jasho jingi, usisubiri kesho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili, na kuchanganyikiwa siku ya pili hadi ya nne. Pombe ikikatwa ghafla inaweza kuua, vivyo hivyo vidonge vya jamii ya valiamu. Hilo ni suala la hospitali, na msimamizi wa zamu ya usiku alijue.

Sasa geti. Mpango wa kutoka uanze wiki mtoto anapoingia. Mwite mama, au bibi, au yeyote anayemlea kweli, hata kama siye aliyeandikwa kwenye jalada. Atalala wapi? Njia ya kwenda shule au karakana inapita kijiwe gani? Nani atashika hela yake? Mtoto wa gongo umrudishe kwenye nyumba inayopikwa gongo? Zungumza na mama huyo bila kumtukana, kwa kuwa pengine pombe hiyo ndiyo ada na chakula, na utafute ndugu atakayempokea mtoto kwanza. Miadi ya mshauri iwe ndani ya wiki ya kwanza, na uifuatilie kwa simu.

Kwa mtumiaji wa heroini, siku hizo za mwanzo zina hatari ya kifo. Mwili uliokaa miezi bila unga hauhimili tena kiasi alichokizoea, na wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ndizo mbaya zaidi. Mwambie hivyo yeye na familia, kwa maneno hayohayo. Akikutwa hazinduki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, alazwe ubavu na akimbizwe hospitali, kwani naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini mwilini, ikiwahi inaokoa. Ongea mapema pia na kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mtumiaji badala ya heroini. Muhimbili ilianza 2011, na sasa huduma ipo hata Mbeya, Mwanza na Dodoma. Kama inamfaa mtoto wa umri wake, daktari ndiye ataamua.

Kaka wa ushuhuda usimwondoe, mbadilishie kazi. Jukwaani anasimulia unga kwa watoto ambao nusu yao hawajauona. Akipewa mafunzo, asimamiwe na alipwe nauli, ndiye atakayempeleka kijana kliniki siku ya kwanza, akae naye kwenye benchi, na ampigie simu Ijumaa jioni hela inapoingia mfukoni.