Je, Mtu Mzima Anaweza Kumharakisha Mtoto Akue?

Wazazi wanaoleta watoto wao kwenye skuli yetu ya maandalizi hapa Wete huniuliza kila mwaka kuna njia gani ya kumtanguliza mtoto mbele ya wenzake. Jawabu langu ni kwamba kukua kwenyewe hakuharakishwi. Kilicho mikononi mwetu ni kumpa mtoto chakula bora, mazungumzo na nafasi ya kucheza, ili kukua kwake kusikwamishwe.

Katika hesabu jambo hili linaonekana wazi. Mtoto wa miaka minne anaweza kukaririshwa moja mpaka hamsini akazitaja bila ya kukosea, na nyumba nzima ikafurahi. Mpangie basi kete sita za bao kwa safu, na sita nyengine chini yake, akubali kuwa ziko sawasawa, kisha itanue safu moja naye akiangalia. Mara nyingi atakwambia kuwa ile ndefu ndiyo yenye kete nyingi. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliyachunguza haya kwa miaka mingi, akaona kuwa ufahamu wa kwamba idadi haibadiliki safu ikitanuliwa huja kwenye umri wa miaka 6 au 7. Nimeona watoto waliofundishwa jibu la kete wakalijibu vizuri, lakini maji yalipomiminwa kutoka kikombe kipana kwenda gilasi nyembamba, wakasema yameongezeka.

Hata kwa mwili ni hivyo. Mwaka 1929 huko Marekani, Arnold Gesell, mtafiti wa makuzi ya watoto, na mwenzake walieleza habari za mapacha wawili: mmoja alizoezwa kupanda ngazi kwa wiki 6 kuanzia wiki ya 46 ya umri wake, na wa pili akaanza akiwa na wiki 53, lakini wiki 2 tu zilimtosha kumkaribia nduguye.

Kwa hivyo ninawaomba wazazi wasimlazimishe mtoto wa miaka mitatu kushika kalamu, kwani baadhi ya mifupa ya kifundo cha mkono wake bado ni gegedu laini. Mwacheni afinyange unga, au akae na bibi yake msimu wa karafuu akichambua vikonyo kwa kadiri apendavyo. Vidole vitapata nguvu bila ya machozi.

Kusubiri, hata hivyo, kuna mpaka wake. Shirika la Afya Duniani, katika utafiti uliohusisha nchi kadhaa ikiwemo Oman, liliona kuwa watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe baina ya miezi 8 na 18 hivi, kwa hivyo wa miezi 12 anayetambaa tu asiwatie hofu wala asilinganishwe na mtoto wa jirani. Aliyepita miezi 18 bila ya kutembea, asiyegeuka anapoitwa, au aliyeanza kusema kisha akapoteza maneno yake, apelekwe kituo cha afya mapema.